Nani Anakutegemea? Kazi ya Kwanza ya Programu kwa Kijana wa Golbanti

Tangazo la kazi ya kuandika programu za kompyuta, hata lile linalosema wazi kwamba linamtafuta anayeanza, huwa na mstari mmoja unaowakatisha tamaa vijana kabla hawajafika mwisho wa ukurasa: awe na uzoefu wa mwaka mmoja, au miwili, au mitatu. Kijana wa Golbanti, kijiji cha delta ya mto Tana, aliyejifunza Python au JavaScript kwa jitihada zake mwenyewe, akilisoma tangazo hilo kwenye simu siku aliyokwenda mjini Garsen, huliona kama mlango uliokomelewa kwa ndani. Uzoefu hupatikana kazini, na kazini haingii mtu bila uzoefu. Basi aanzie wapi? Nashikilia kwamba mstari ule unasomwa vibaya. Mwajiri huandika miaka kwa sababu miaka ni rahisi kuandika na rahisi kuhesabu. Anachotaka kujua ni hiki: yuko mtu aliyewahi kuitegemea kazi yako, na ilipomharibikia ulifanya nini? Swali hilo mtu anaweza kulijibu akiwa Golbanti, na katika mambo fulani atalijibu vizuri zaidi akiwa Golbanti kuliko akiwa Nairobi.

Anayevuka mto Tana kwa mtumbwi na mzigo wake wa maembe hamwulizi mvushaji ana cheti gani. Anajua nani alivushwa jana na walifika vipi ng'ambo. Msimamizi wa kundi la waandishi wa programu anafikiri hivyohivyo, ingawa tangazo lake halisemi hivyo. Anajua kwamba mgeni kazini kwanza ni gharama: kwa miezi kadhaa mtu mzoefu ataacha shughuli zake ili amwelekeze, apitie msimbo wake na kurekebisha alichokosea. Anajua kwamba kosa dogo kwenye programu ya malipo linaweza kumkata mteja pesa mara mbili usiku wa manane, na kwamba asubuhi yake lazima awepo mtu wa kusema, ni mimi, na hivi ndivyo ninavyolirekebisha. Kutojua lugha fulani ya programu hakumtishi sana, maana lugha hufundishika. Kinachomtia wasiwasi ni mtu ambaye hajawahi kubeba lawama ya kazi yake.

Yaliyotokea hapa Afrika Mashariki miaka michache iliyopita yanaonyesha jinsi wasiwasi huo ulivyo mzito. Kampuni ya Andela ilianza Lagos mwaka 2014 na kuingia Nairobi mwaka uliofuata, ikiwa na mpango ambao kila kijana angeuombea dua: kuchagua chipukizi wenye vipaji, kuwafundisha huku ikiwalipa, kisha kuwaweka kwenye kazi za kampuni za Marekani na kwingineko. Septemba 2019 kampuni hiyohiyo iliwaachisha kazi chipukizi wapatao 400 nchini Nigeria, Kenya na Uganda. Ilieleza kwamba wateja wake walikuwa wakitaka wazoefu, na wakati huohuo ikatangaza kwamba itaajiri mamia ya wazoefu hao. Walioachishwa hawakuwa watu wa kubahatisha. Walikuwa wamechujwa kutoka kundi kubwa la waombaji na kufundishwa vizuri. Soko lilikuwa na watu tele wanaojua kuandika msimbo, lakini lilikuwa na njaa ya wale wanaoweza kuachiwa kazi. Tangu hapo shule za muda mfupi na kozi za bure za mtandaoni zimeleta wengine wengi kwenye foleni ileile. Cheti kimoja zaidi kinakusogeza hatua moja mbele, ila foleni nzima nayo inasogea.

Watafiti wa mambo ya ajira wamepima kwa muda mrefu kama masomo na miaka ya uzoefu hutabiri kazi nzuri. Mwaka 1998 Frank Schmidt na John Hunter walikusanya matokeo ya utafiti wa miaka 85 ili kuona ni kitu gani kinachobashiri vizuri utendaji wa mtu kazini. Kwa kipimo ambacho 0 ni kubahatisha na 1 ni kubashiri bila kukosea, miaka ya uzoefu ilipata 0.18 na miaka ya masomo 0.10. Kumpa mtu kipande cha kazi yenyewe akifanye kulipata 0.54. Mwaka 2022 Paul Sackett na wenzake walizipitia upya hesabu hizo, wakasema nyingi zilikuwa zimekuzwa. Kipande cha kazi kikashuka hadi 0.33. Hata hivyo miaka ya uzoefu ilibaki mkiani. Kwa hiyo mwajiri anayechuja kwa miaka anatumia chujio lenye matundu makubwa, na wengi katika fani hii wanalijua hilo, ndiyo sababu kampuni nyingi humpa mwombaji zoezi la kuandika kabla ya kumwita kwa mahojiano. Mtu asiye na miaka ya kuonyesha basi ana jambo la kufanya: amwekee mwajiri mezani kipimo kilicho bora kuliko alichoomba.

Kipimo hicho kinaanzia kwenye daftari. Karibu kila kijiji cha delta kina chama: akina mama wanaochanga kila wiki, wakulima wa maembe wanaouza pamoja, vijana wa bodaboda wanaowekeana akiba. Mweka hazina ana daftari la mistari, kalamu, na simu ambayo mara nyingi ni mulika mwizi, ile ya vitufe. Mle ndani mna michango, mikopo, riba na faini za wachelewaji, na mwisho wa mwaka, siku ya kugawana, mna ugomvi, kwa kuwa mtu anakumbuka alitoa na daftari halikumbuki. Nenda kwa mweka hazina huyo. Kwa majuma mawili ya kwanza usifungue kompyuta. Kaa kwenye mkutano, tazama anavyoandika, mwulize kwa nini safu hii ina namba mbili, kwa nini jina lile limepigwa mstari. Ukifika na programu uliyokwisha kuiandika kichwani, atakukubalia kwa heshima, kisha ataendelea na daftari lake ukiondoka.

Utakayoyakuta hapo hakuna kozi itakayokufundisha. Utakuta namba ileile ya simu imeandikwa kwa kuanzia 07 mahali pamoja na kwa +254 mahali pengine, na programu yako itaamini kuwa hao ni watu wawili. Utakuta wanachama wawili wenye jina moja na baba wenye jina moja. Utakuta mweka hazina ameandika saa mbili akimaanisha asubuhi, wakati kompyuta inaisoma mbili kama saa nane za usiku. Utagundua kwamba kila ujumbe wa M-Pesa una namba yake ya muamala, yenye herufi na tarakimu kumi, isiyorudiwa, na kwamba ukiifanya namba hiyo kuwa ufunguo wa rekodi, mchango mmoja hauwezi kuingizwa mara mbili hata mweka hazina akisahau. Hilo la mwisho linaitwa ufunguo wa kipekee katika vitabu vya hifadhidata. Aliyelisoma kitabuni atalieleza kwa sentensi moja. Wewe utalieleza kwa kisa cha shilingi mia mbili zilizoonekana mara mbili na mama aliyekuja kuuliza, na anayekuhoji ataacha kuangalia saa.

Ukiisha kuiandika programu, iwe ndogo: wanachama, michango, mikopo, na taarifa moja ya kusomwa mkutanoni. Kisha fanya jambo ambalo wengi hulikimbia. Kwa miezi mitatu daftari na programu viende sambamba. Kila mkutano linganisha jumla mbili. Zikitofautiana, andika tarehe, tofauti ilikuwa kiasi gani, ni upande upi uliokuwa sahihi, chanzo kilikuwa nini, na ulibadilisha nini. Mara nyingine daftari ndilo litakalokuwa limekosea, na itabidi umweleze mweka hazina bila kumwaibisha mbele ya watu. Hilo nalo ni sehemu ya kazi hii, na wako waandishi wa programu wenye miaka kumi ambao hawaliwezi. Kumbukumbu ya tofauti hizo ndiyo uzoefu wako. Msimbo wenyewe mtu anaweza kuuiga kwa siku moja, lakini ile orodha ya makosa yenye tarehe haiigiki, kwa sababu kila mstari wake ulimgharimu mtu kitu.

Kishawishi kikubwa kwa kijana wa huku ni kuanza na mafuriko. Kinaeleweka. Aliyeishi delta mwaka 2018, au Novemba 2023, au Aprili na Mei 2024, ameona maji yakichukua mashamba na watu wakihamia makambini. Na jambo lenyewe linaonekana kama limeumbwa kwa ajili ya kompyuta: mvua hunyesha nyanda za juu, bwawa la Masinga hujaa na kumwaga, maji hupita Garissa, na huchukua siku kadhaa kufika Garsen na vijiji vya chini. Kwa nini kijana asiandike programu ya kutuma ujumbe mapema? Nashauri asianze hapo, na nashauri hivyo kwa sababu ya kanuni ileile ya kutegemewa. Familia iliyohamisha mbuzi na watoto usiku kwa tahadhari ya uongo haitahama tahadhari ya kweli itakapokuja. Kazi hiyo inahitaji data ya vipimo vya mto, idara zinazohusika na hali ya hewa na maji, na watu wa zamu saa zote. Ni kazi ya kundi, na siku moja utakuwa kwenye kundi hilo. Mradi wa kwanza uwe kitu ambacho kikifeli kitaleta usumbufu na si msiba. Mafuriko yataingia kwenye mradi wako kwa njia nyingine: jiulize kumbukumbu za chama zitakuwa wapi nyumba ya mweka hazina ikijaa maji na kompyuta yako ikiwa kwenye nyumba hiyohiyo. Ukilijibu swali hilo kwa vitendo, nakala moja ikiwa kwenye seva ya mbali na nyingine ikiwa imechapishwa na kuwekwa kwa katibu kijiji kingine, umeshajifunza somo ambalo kampuni kubwa hulilipia kwa uchungu.

Jambo moja la sheria lisisahaulike. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na majina, namba za simu na madeni ya watu ni data binafsi. Omba idhini ya wanachama mkutanoni, iandikwe kwenye kumbukumbu za mkutano. Unapouweka msimbo wako GitHub ili waajiri wauone, tumia majina ya kubuni na namba za kubuni. Mwajiri makini akiona madeni halisi ya majirani zako yameanikwa hadharani atakuwa amepata jibu lake, na halitakuwa zuri.

Hapa pana pingamizi la haki: je, huku si kumwambia maskini afanye kazi ya bure? Vijana wamechoka kuambiwa wajitolee. Tofauti iko katika nani anafaidi na kwa muda gani. Kampuni yenye mapato inayokutaka uiandikie mfumo bila malipo kwa miezi sita ili upate uzoefu inakunyonya, na unayo haki ya kukataa. Chama cha watu ishirini kinachokuruhusu kujifunza kwenye mambo yake kinakupa kitu ambacho hakinunuliki, yaani kinakubali kukutegemea ukiwa bado hujathibitika. Hata hivyo weka mpaka. Sema tangu mwanzo kwamba kwa miezi mitatu hutaki malipo, na kwamba baada ya hapo wakiona inafaa watachangia gharama za bando na seva, na chama cha pili kitakachoitaka kitalipa. Bei iwe ndogo lakini iwepo. Stakabadhi ya malipo kidogo inayorudiwa kila mwezi ina nguvu kwenye barua ya maombi kuliko kurasa za sifa, kwa maana mtu ametoa pesa yake mara ya pili akiwa ameshaijua kazi yako.

Pingamizi la vifaa ni zito zaidi, na halistahili kujibiwa kwa maneno ya kutia moyo. Simu pekee haitoshi. Unaweza kusoma kwa simu, kufanya mazoezi madogo na kuuliza maswali, lakini kujenga kitu kizima kunataka kibodi na skrini. Laptopu ya mtumba yenye kumbukumbu ya gigabaiti 8 na diski ya aina ya SSD inatosha, hasa ukiiwekea Linux. Vijana wawili au watatu wanaweza kuinunua pamoja na kugawana siku. Uliza pia kama chuo cha kiufundi kilicho karibu kina maabara ya kompyuta ya mpango wa Jitume iliyo wazi kwa vijana wa mtaani. Mtandao ukiwa wa shida, panga safari ya Garsen kama unavyopanga safari ya soko: pakua kwa siku moja utakachosoma kwa mwezi. Programu ya Kiwix hukuwezesha kubeba maktaba nzima, pamoja na maswali na majibu ya Stack Overflow, ukaisoma bila mtandao, na tovuti ya DevDocs huhifadhi miongozo ya lugha za programu kwenye kompyuta yako. Haya yote hayafuti ukweli kwamba mwenzako wa Nairobi mwenye intaneti ya nyumbani anakwenda kwa kasi kukuzidi. Anakuzidi katika kusoma.

Katika kujenga, hali inageuka. Kenya ilipowapa simu wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000 mwaka 2023, ilibidi programu iliyomo, eCHIS, ifanye kazi mahali ambapo mtandao haushiki. Imejengwa juu ya Community Health Toolkit, programu huria ambayo msimbo wake mtu yeyote anaweza kuusoma. Taarifa za kaya hukaa kwanza kwenye simu ya mhamasishaji, kisha hupelekwa kwenye seva simu inapopata mtandao. Kuifanya kazi hiyo vizuri ni kugumu: itakuwaje watu wawili wakibadilisha rekodi moja, kila mmoja akiwa nje ya mtandao? Ya nani ishike? Mwandishi wa programu aliyekulia mahali ambapo mtandao haukatiki hulikumbuka swali hilo mwishoni, wateja wanapolalamika. Anayeishi Golbanti huanza nalo, kwa sababu programu yake isipolijibu haitatumika hata siku moja. Vivyo hivyo kwa mulika mwizi. Ukitaka mwanachama aulize salio lake bila simu ya kisasa, utaandika menyu ya USSD, ile ya nyota na alama ya reli, na kampuni ya Kenya iitwayo Africa's Talking ina uwanja wa majaribio ambapo unaweza kuitengeneza na kuijaribu kabla ya kulipia. Mashirika ya afya, kilimo na misaada kote Afrika Mashariki yanahangaika na matatizo haya. Kwao kijana aliyejenga kitu kinachohimili mtandao wa delta ni mtu aliyekwisha kuanza kazi yao.

Kuhusu digrii nitasema machache. Ziko nafasi zisizofunguka bila hiyo: mpango wa serikali wa Presidential Digital Talent, ulioanzishwa mwaka 2015 na Mamlaka ya TEHAMA, na mafunzo ya mwaka mmoja yanayotolewa na Tume ya Utumishi wa Umma, vyote vinawalenga waliohitimu. Aliye Chuo Kikuu cha Pwani au Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa asiache masomo kwa kusoma makala haya. Atumie muda wa mafunzo ya nje, ule ambao wengi huutumia kupiga chapa na kuleta chai ofisini, kuwatafuta watu wanaoshughulikia mifumo yenyewe. Asiye na digrii aelekeze nguvu zake kwenye kampuni ndogo, miradi ya afya na mashirika yasiyo ya serikali, ambako barua hufika haraka zaidi kwa mtu anayeijua kazi.

Wengi watasema haya yote ni bure kwa sababu kazi ni kujuana. Ni kweli kwa sehemu kubwa, na si Kenya tu. Mwaka 1974 mwanasosholojia Mark Granovetter alichapisha utafiti wake kuhusu wafanyakazi wa mji wa Newton, Massachusetts, na zaidi ya nusu yao walikuwa wamepata kazi kupitia mtu wanayemjua. Lakini alipouliza walionana na mtu huyo mara ngapi, ni kama 17 tu katika kila 100 waliosema mara kwa mara. Waliobaki walipata habari kutoka kwa watu wanaoonana nao mara moja moja au kwa nadra: mwenzao wa zamani, rafiki wa rafiki. Sababu ni kwamba ndugu na jirani yako wanajua unayoyajua wewe. Habari mpya hutoka kwa mtu wa mbali kidogo. Kwa hiyo kujuana kunakohitajika ni kwa aina ambayo kijana asiye na mjomba ofisini anaweza kujitengenezea. Nenda Swahilipot, kituo cha vijana kilicho karibu na Fort Jesus mjini Mombasa, siku kuna mkutano wa teknolojia, ukiwa na kitu cha kuonyesha na swali mahususi la kuuliza. Ingia pia kwenye programu huria. OpenMRS, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa unaotumika katika nchi nyingi, ulianza mwaka 2004 kutokana na kazi iliyokuwa ikifanyika Eldoret kati ya Chuo Kikuu cha Moi na wenzao wa Indiana, na mpaka leo unapokea michango ya watu wapya. Anza na kosa dogo lililoorodheshwa, au tafsiri ya Kiswahili iliyopotoka, au maelezo ya usakinishaji yaliyopitwa na wakati. Mchango wako utapitiwa na mtu wa mbali atakayekuambia urudie. Rudia bila kununa. Mara ya tatu atakuwa analijua jina lako, na ataweza kumwambia mtu mwingine kwamba unarekebishika.

Limebaki suala la akili unde, ambalo sasa ni kubwa kuliko mengine yote. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, katika ripoti ya Agosti 2025 iliyotumia rekodi za mishahara za Marekani, walionyesha kwamba ajira za waandishi wa programu wenye umri wa miaka 22 hadi 25 zimepungua kwa karibu asilimia 20 tangu kilele cha mwishoni mwa 2022, wakati za wakubwa wao zimebaki imara. Sitapunguza makali ya takwimu hizo. Kazi ambayo zamani aliachiwa anayeanza, ya kuandika vipande vidogo kwa maelekezo, mashine inaifanya kwa sekunde. Ila tazama jinsi jambo hili linavyofuata mstari uleule wa Andela: kilichoshuka bei ni kuandika msimbo, na kilichobaki na bei ni kujibu kwa ajili yake. Mashine haiitwi mkutanoni kueleza kwa nini jumla imepungua. Itumie, ikufundishe, ikuandikie, lakini usiingize kwenye programu ya chama mstari ambao huwezi kuueleza ukiwa umezima kompyuta, maana kwenye mahojiano utaulizwa hivyohivyo. Anayeanza leo hana budi kufika akiwa tayari na sehemu ya sifa ambazo zamani alizipata mwaka wake wa pili.

Barua ya maombi basi iwe fupi, na ianze na yule anayekutegemea. Andika kwamba programu yako imetunza michango ya wanachama kadhaa kwa miezi kadhaa, kwa namba halisi za chama chako. Taja kosa moja baya lililotokea, siku ulipoligundua, ulichofanya na ulichobadilisha ili lisirudi. Weka kiungo cha msimbo na cha ile orodha ya makosa. Usifiche kosa ukidhani linakuharibia. Usijiite mtaalamu wa lugha kumi. Omba hata nafasi ambazo majina yake hayasemi kuandika programu: mjaribu programu, msaidizi wa watumiaji, msimamizi wa data kwenye mradi unaotumia KoboToolbox kukusanya takwimu vijijini. Ndani ya nafasi hizo atatokea mtu anayehangaika kunakili namba kwa mkono kila Ijumaa, na wewe utajua la kufanya. Anayekudai ada ya usajili, ya fomu au ya mafunzo ya lazima kabla ya kukuajiri, mwache aende zake.

Ukipata kazi, pengine itakuwa Mombasa au Nairobi, na hapo kitatokea kitu ambacho miongozo ya ajira haikitaji. Kule Golbanti kuna mweka hazina ambaye sasa mkutano wake hauendi bila ile taarifa ya kila wiki. Kabla ya kupanda basi, tafuta kijana mwingine, hata wa kidato cha tatu, umfundishe kuiwasha, kuingiza michango na kurudisha nakala ya akiba. Mpe nywila mbele ya viongozi wa chama, na uziandike kwenye karatasi itakayofungwa kwenye bahasha na kukaa kwa mwenyekiti. Andika kurasa mbili za Kiswahili chepesi za nini kifanyike programu ikigoma. Chapisha rekodi zote mpaka siku hiyo, zisomwe kwa sauti mkutanoni, na mweka hazina atie sahihi chini ya kila ukurasa. Kisha wape namba yako, na wakikupigia Jumapili jioni ukiwa mjini, pokea.